Alikuwa Buhene usiku ule, mtihani ukasema amekosa

"Mwalimu, hapa mulinikatia pwenti juu ya nini?"

Aliuliza kwa upole, karatasi mkononi, wenzake wakiwa wameshatoka mbio kutafuta pikipiki kabla giza halijaingia. Ni muuguzi, mama wa watoto wawili, na miongoni mwa watu niliowafundisha Kiingereza hapa Goma ni wachache wanaosoma kwa makini kama yeye. Anasoma na kalamu. Anapiga mstari, anarudi nyuma, anaweka alama ya kuuliza pembeni.

Tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa kuajiriwa wa shirika moja, tukitumia karatasi yao ya zamani: makala ya habari ya Kiingereza, maneno kama mia sita, kisha maswali. Makala ilihusu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, mlima ulio juu ya mji wetu, wa tarehe 22 Mei 2021, na iliandikwa kesho yake asubuhi. Aya ya kwanza ilisema kwamba lava imesimama ukingoni mwa mji na kwamba Goma imenusurika, alisema ofisa mmoja wa serikali. Chini yake, swali: "Mji wa Goma ulinusurika. Kweli, si kweli, au haikutajwa?"

Jibu la waandaaji: kweli.

Yeye aliandika: si kweli.

"Miye nilikuwaka Buhene ile usiku," akaniambia. "Nyumba ya shangazi yangu iliungua. Ya jirani yake pia. Sasa nani alinusurika?"

Nikaisoma aya ile tena, yeye amesimama kando yangu. Ukifuata ramani ya utawala, Buhene iko wilaya ya Nyiragongo, nje ya mji. Ukiwafuata watu wa Buhene wenyewe, wanaouza Goma, wanaosomesha watoto Goma, wanaougulia Goma, watakushangaa ukiwaambia kwamba hawakai Goma. Swali lile moja lilikuwa na miji miwili ndani yake.

Nikamwomba aniachie karatasi.

Wiki kadhaa zimepita na swali lile bado limenikaa kooni.

## Waandaaji nao wana hoja

Nianze kwa kuwatetea, maana hoja yao si dhaifu. Mtihani wa kusoma unapima unachokisoma. Ukikubali jibu la "nilikuwapo", kesho utakubali la "nilisikia redioni", na keshokutwa la "jirani alisema". Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao vijana wengi hapa wanauota kwa ajili ya masomo ya nje, sehemu ya kusoma ina maswali 40 kwa dakika 60, na aina ya swali inayowatoa watu jasho ni hii hii ya kweli, si kweli, haikutajwa. Inakudai ujizuie. Unachokijua kiweke kando, ujibu kwa kilichoandikwa peke yake.

Msomaji wa ngazi ya juu lazima aweze hilo. Naliamini hata leo.

Kilichonisumbua ni kitu kingine. Nilitaka kujua wale waliojibu "kweli" walifikaje pale. Je, walisoma? Au walijibu kwa kumbukumbu kama yeye, ila kumbukumbu zao ziliangukia upande wa waandaaji kwa sababu wao walikuwa mitaa ya Himbi au Katindo, mbali na lava?

Basi kundi lililofuata niliwapa maswali bila makala.

Walidhani nimesahau. Nikawaambia hapana, jibuni hivyo hivyo. Na wakajibu, wengi wao zaidi ya nusu ya maswali, sawasawa. Barabara iliyokatwa na lava? Ya Rutshuru, nani asiyejua. Watu walikimbilia wapi usiku ule? Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na Sake, magharibi mwa mji. Mlipuko uliotangulia ulikuwa lini? Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyehitaji Kiingereza cha makala ile. Walihitaji Kiingereza cha maswali tu, na maswali yalikuwa mepesi.

Nilikaa na karatasi zile hadi usiku. Mtihani ulioitwa wa ufahamu wa ngazi ya juu ulikuwa umepima nani amekaa Goma muda mrefu.

Wanaotafiti usomaji wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1979 Margaret Steffensen na wenzake waliwapa Wamarekani na Wahindi barua mbili, moja ikisimulia harusi ya Kimarekani, nyingine ya Kihindi. Kila upande ulisoma ya kwao kwa haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi, na waliposoma ya wenzao waliipinda ifanane na desturi wanazozijua. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wakawajaribu wanafunzi wa Kimarekani kwa hadithi ya mchezo wa besiboli: waliosoma kwa shida lakini wanaujua mchezo walikumbuka mengi kuliko waliosoma vizuri lakini hawaujui. Kusoma hakuanzii kwenye karatasi. Mtu anakuja kwenye karatasi akiwa tayari amejaa.

## Basi tuwape habari za mbali?

Ndilo wazo la kwanza linalomjia kila mwalimu, na mimi lilinijia. Kama habari za kwetu zinavujisha majibu, tuchukue za kwao. Nikatafuta makala ya kriketi.

Kwenye kundi lile kuna mhasibu, kijana mtulivu ambaye msamiati wake unanishangaza. Alifika kwenye sentensi iliyosema kwamba timu mbili zilicheza siku tano na mechi ikaisha bila mshindi. Akasimama pale. Akarudia. Akafungua kamusi kwa neno ambalo alikuwa analijua, kuhakikisha. Mwishowe akanyoosha mkono: "Mwalimu, kuna neno hapa linanipita."

Hakuna neno lililompita. Kiingereza chote alikuwa nacho. Alichokosa ni kriketi, mchezo ambao mechi zake kubwa huchukua hadi siku tano na zinaweza kweli kuisha hivyo hivyo. Kwa karatasi ile angeonekana msomaji wa ngazi ya kati, na mtu wa London asiyejua nusu ya maneno yake angeonekana bingwa.

Kwa hiyo ukisogea karibu unapima kumbukumbu za mji wao, na ukisogea mbali unapima mambo ya mji wa wengine.

Kuna vitu ambavyo habari za mbali zilinifunulia, hata hivyo, na hivyo ni vya lugha kweli. Profesa Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji ayajue maneno 98 katika kila 100 ya gazeti au riwaya ya Kiingereza, anahitaji familia za maneno, yaani neno pamoja na maumbo yake, kati ya 8,000 na 9,000. Hata hapo, makala ya maneno 600 itamwachia kama maneno 12 asiyoyajua. Sisi wa Kongo tuna njia ya mkato kwenye safari hiyo: Kifaransa. Maneno marefu ya Kiingereza, ya siasa, sheria na tiba, tunayatambua kwa sura kwa sababu tuliyakuta shuleni yakiwa na vazi la Kifaransa. Tunapokwama ni kwenye yale mafupi, ya herufi nne au tano, ambayo wahariri wa Kiingereza wanayapenda kwa vichwa vya habari. Nimewaona watu wakisoma aya nzima ya uchumi bila kusita, kisha wakashindwa na kichwa chake. Mwalimu wa mahali pengine angeanza na maneno marefu. Hapa Goma tuanze na mafupi.

La pili ni mpangilio, na hili nadhani hatulisemi vya kutosha.

Shule zetu zimetufundisha kuandika kwa utangulizi, mwili na hitimisho. Ukitaka kujua mwandishi anasema nini hasa, shuka mwisho, ndiko ameweka neno lake. Makala ya habari ya Kiingereza imepangwa kinyume kabisa. Zito linatangulia, kinachofuata ni chepesi kidogo, kinachofuata ni chepesi zaidi, ili mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini bila kuumiza habari. Makala ile ya Nyiragongo iliisha kwa aya iliyotaja milipuko ya 1977 na 2002. Kulikuwa na swali: makala hii inahusu nini hasa? Wengi wakachagua "historia ya mlima". Waliokuwapo usiku ule, waliobeba watoto mgongoni kuelekea Sake, walichagua historia ya mlima, kwa sababu walishuka mwisho kama walivyofundishwa na kukubali walichokikuta huko.

Hilo kumbukumbu haikuwasaidia. Na ni kitu cha kufundishika: saa moja darasani, mkasi, makala iliyokatwa aya aya, na kazi ya kuzipanga upya.

## Nani anasema, na siku gani

Kilichonigeuza kilitoka Januari 2025.

Sitasimulia siku zile. Waliokuwa hapa wanazijua, na wasiokuwapo waliziona kwenye simu. Nataka kusema tu jinsi zilivyosomeka. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 walitangaza kwamba wameuteka mji wa Goma, na milio ya risasi ilikuwa haijaisha. Waandishi makini wa Kiingereza siku ile waliandika kwamba kundi linasema limeuteka. Hawakuandika kwamba limeuteka. Kati ya sentensi hizo mbili kuna umbali mkubwa, na mtu aliyelala chini ya kitanda siku hiyo alihitaji kujua ni ipi aliyokuwa anaisoma.

Kisha zikaja namba. Tarehe 31 Januari msemaji wa Umoja wa Mataifa alitaja watu wasiopungua 700 waliouawa. Siku chache baadaye ofisa wa MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa hapa Kongo, alitaja takriban 2,900, akijumlisha miili iliyokwisha kuokotwa na ile iliyokuwa bado mochwari. Nakumbuka watu wakigombana juu ya namba hizo kama kwamba moja lazima iwe ya uongo. Hakuna iliyolazimika kuwa ya uongo. Kila moja ilikuwa na mdomo ulioitamka, siku iliyotamkwa, na mahali ilipohesabiwa. Msomaji aliyeshika namba peke yake alikuwa ameshika nusu ya sentensi.

Nilikuwa ninawaza hayo nilipoirudia aya ya kwanza ya makala ya Nyiragongo.

Goma imenusurika, alisema ofisa mmoja wa serikali.

Swali la mtihani: Mji wa Goma ulinusurika.

Ofisa ameondoka. Mwandishi wa habari alimweka pale kwa makusudi. Asubuhi ile alikuwa na maneno ya mtu mmoja, lava ikiwa bado ya moto, na hakutaka kuyabeba kama yake. Aliyetunga swali akamtoa msemaji na kubakiza usemi. Jibu la haki kwa swali lililotungwa hivyo lingekuwa gumu hata kwa mwenye makala mkononi, kwa sababu makala haisemi mji ulinusurika. Inasema kuna aliyesema.

Na muuguzi wangu, kwa hasira yake ya haki, alikuwa ameweka kidole mahali penyewe. Alimkatalia ofisa. Mtihani ulimkatia alama kwa kumkatalia mtu ambaye mtihani wenyewe ulikuwa umemfuta.

Baraza la Ulaya lilipotoa mwongozo wake wa ngazi za lugha mwaka 2001, ule wa A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, unaotajwa kwenye kila tangazo la kazi hapa mjini, liliandika kuwa msomaji wa B2 anaweza kusoma makala na ripoti za mambo ya sasa ambamo waandishi wana msimamo au mtazamo fulani. Mtazamo. Mitihani yetu inatangaza B2 na C1 juu ya ukurasa, halafu inauliza tarehe, idadi na jina la mahali, vitu ambavyo mtu wa A2 anaweza kuviokota kwa macho.

## Ninavyotunga sasa

Kwanza, makala haipiti bila kupimwa. Nawapa watu kadhaa maswali bila makala, na swali linalojibiwa na wengi linatoka. Inauma, maana mara nyingi ni lile nililolipenda.

Pili, natafuta habari za umbali wa kati. Ziwa Kivu kila mtu analijua; analiona akiamka. Lakini gesi ya methane iliyoyeyuka kwenye maji yake ya kina, inavyovutwa na kugeuzwa umeme kwenye mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda, megawati 26, hayo wachache wanayajua kwa undani. Hapo msomaji hajapotea wala hajapewa majibu mapema. Kazi inabaki kwa Kiingereza.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, natumia makala mbili za tukio moja, za siku mbili tofauti. Naacha kuuliza "nini kilitokea". Nauliza: jambo hili nani analisema? Mwandishi amelikubali, au amelibeba tu? Kipi kilijulikana siku ya tatu ambacho hakikujulikana siku ya kwanza? Nani hakuulizwa?

Kila jibu lazima litaje mstari. Ukisema ofisa alidai, nionyeshe alipodai.

Na mwisho kuna nafasi ya kumbukumbu. Ukurasa wa peke yake, alama za peke yake: kama ulikuwapo, au unajua jambo ambalo makala haina, mwandikie mwandishi kwa Kiingereza. Kumbukumbu ikipata ukurasa wake, inaacha kuvamia ukurasa wa makala. Sikutegemea hilo lifanye kazi haraka hivyo. Muuguzi alipofanya mtihani wa namna hii juu ya makala ile ile, kwenye sehemu ya kwanza alijibu kwa utulivu kabisa kwamba ofisa alisema mji umenusurika, mstari wa tatu. Kwenye ukurasa wa mwisho akamwandikia mwandishi aya tatu. Kwamba ofisa alikuwa anazungumzia mji ulio kwenye ramani. Kwamba katika makala nzima hakuna hata mtu mmoja wa Buhene aliyeulizwa neno. Kwamba kwa miguu ni karibu, angeweza kwenda. Kiingereza kilikuwa na makosa mawili matatu ya vitenzi. Usomaji ulikuwa wa mtu ambaye ningemkabidhi ripoti yoyote.

Shirika lile nimeliandikia. Nimewaomba waongeze msemaji kwenye swali, basi.

## Mwenzangu wa Bukavu hakubaliani

Ni rafiki wa miaka mingi, naye anafundisha Kiingereza. Nilimtumia haya yote na akanipigia kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Hoja yake ya kwanza: waajiri hawatabadilika. Wanafunzi wetu watakutana na kweli, si kweli, haikutajwa, na dakika zikihesabiwa. Tukiwafundisha kugombana na swali, tutakuwa tumewanyima kazi. Nakiri kwamba hoja hii inanibana, na nimeendelea kuwafanyisha karatasi za zamani kila wiki kwa sababu yake. Kodi ya nyumba haisubiri mtihani bora.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. "Yaya," akaniambia, "hizo makala za Januari, uliwauliza kama wanataka kuzisoma?" Darasani kwangu kuna waliozika watu. Mmoja aliwahi kutoka nje katikati ya zoezi na hakurudi siku ile. Sasa nauliza kwanza, na daima naweka makala nyingine pembeni, ya ziwa au ya bei ya mazao, ili mtu achague bila kueleza sababu. Lakini siwezi kuziondoa kabisa. Habari za Kiingereza kuhusu mji huu zinasomwa na watu wanaoamua mambo yetu, na nataka wanafunzi wangu waweze kuzisoma kwa ukali kuliko wale walioziandika.

Hapo tulibishana hadi salio likaisha.

Tulichokubaliana ni kile cha kuwapa watu maswali bila makala kwanza. Aliona hakina gharama. Amekijaribu na darasa lake la Kadutu, huko Bukavu, kwa makala aliyokuwa anaitumia siku zote na kuipenda mno, ile ya Kongo kusimamisha usafirishaji wa madini ya kobalti nje ya nchi Februari 2025. Juzi amenitumia picha ya karatasi zao. Karibu nusu ya maswali walikuwa wameshayajibu, na moja walilijibu vizuri kuliko makala. Ameanza kuyatunga upya.